UZI: Makaburi ya makanisa ya zamani yanatunza historia ya nani? Mbona babu zetu hawamo?

#1 Kalungi_Natete
Wakuu salaam. Naleta hoja, anayeweza kuipinga aipinge. Hapa Uganda makanisa ya zamani ndiyo karibu mahali pekee unaposimama ukasoma jina la mtu aliyekufa kabla bibi yako hajazaliwa, limechongwa kwenye jiwe na tarehe yake. Nenda Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana Kampala, pale makaburini, Askofu Hannington yupo, wamisionari Mackay na Pilkington wapo, Dr. Albert Cook na mkewe Katharine wapo. Sawa. Sasa watafute wale waliopanda kile kilima na udongo kichwani, wakajenga kanisa la miti na nyasi likaangushwa na dhoruba, wakajenga la matofali likaungua, wakajenga tena hili la sasa. Hawamo. Kwetu tunaambiwa ukoo wetu ulikuwa kati ya wasomaji (Wakristo) wa mwanzo kabisa Natete na jina letu halipo hata kwenye msalaba wa mti. Kwa hiyo nauliza, haya makaburi yanatuunganisha na nani? Na watu wetu kwa nini hawamo?

#2 Nakato wa Masaka
Ssebo Kalungi, watu wetu wako nyumbani. Muganda hazikwi kwa mapadri, anazikwa kwenye kiggya, makaburi ya ukoo, kando ya migomba, pembeni ya baba yake na babu yake, amefungwa lubugo, nguo ya gome la mti, hata kama alikuwa anakomunika kila asubuhi. Anayezikwa kanisani ni yule ambaye kanisa ndilo kwake. Villa Maria kwetu Askofu Streicher alifia Ibanda mwaka 1952 wakamrudisha wakamzika Villa Maria, maana hakuwa na kiggya kingine duniani. Babu yangu alikuwa katekista na yuko shambani kwetu, hakuna aliyemnyima nafasi, mwenyewe ndiye alitaka hivyo.

#3 Kijana wa Mengo
Lile kanisa la matofali liliungua kwenye vita vya Wakatoliki na Waprotestanti si ndiyo? Wakatoliki wa Rubaga semeni ukweli leo 😂

#4 Mwalimu Ssali
@Kijana wa Mengo hapana. Vita vya Mengo ni Januari 1892 na walioteketezewa misheni siku hiyo ni wa Rubaga wenyewe. Lile kanisa la matofali lilikamilika 1904, paa likiwa la nyasi, radi ikalipiga mwaka 1910 likaisha. Hili la sasa lilijengwa 1915 hadi 1919.

Kuhusu hoja, Nakato amesema kitu ila kuna jambo amelipita haraka. Jiwe linadumu pale ambapo ardhi haibadilishi mwenyewe. Mkataba wa 1900 wa Waingereza na Buganda uliyapa mashirika ya kimisionari maili za mraba 92 ndani ya Buganda, kwa hiyo kanisa lina kilima chake tangu enzi hizo na hakuna wa kuja kuling'oa. Viggya vyetu vimekaa kwenye mailo, ardhi ya mtu binafsi, ambayo mjukuu anaiuza kipande kipande, mnunuzi analeta greda, mifupa inahamishwa na pengine haihamishwi kabisa. Miaka 40 ikipita utasema babu hakuwa na kaburi. Alikuwa nalo, liko chini ya fremu za maduka. Kanisa halikumbuki kutuzidi, lina ardhi tu.

#5 Nakato wa Masaka
Hapo mwalimu umenigusa pabaya. Ndugu zetu upande wa mama waliuza hivyo hivyo. Mnunuzi aliwapa muda wafukue, wakafukua waliowajua, na waliowajua ni wa juzi juzi. Wale wa chini hakuna aliyejua wako wapi.

#6 Mzee wa Bombo
Assalam aleikum vijana wangu. Mnabishana mawe. Sisi Wanubi, Waislamu wa hapa Bombo, kaburi ni udongo, halijengewi nyumba wala kuandikwa sifa, na bado mimi nawajua wazee wangu kwa majina kwa sababu wanatajwa kwenye dua kila tunapokaa kusoma. Kwa hiyo msiseme asiye na jiwe hana historia. Namugongo mnaenda kuhiji kwa mashahidi kila tarehe 3 Juni kwa maelfu, vizuri sana, lakini Kabaka (mfalme) Mutesa wa kwanza aliua Waislamu pale pale miaka ya 1870, kabla ya Kabaka Mwanga kuchoma Wakristo mwaka 1886. Kuna msikiti pale. Ni wangapi kati yenu wamewahi kuingia?

Na jambo la pili. Hannington mnayemtaja hakufa peke yake. Aliuawa Kyando Busoga, 29 Oktoba 1885, na wapagazi wake kama 50 hivi wakauawa pamoja naye. Watu wa pwani hao, waliotembea kwa miguu kutoka baharini na mizigo kichwani, Kiswahili hiki tunachoandika hapa kilipanda na watu kama wao. Mifupa ya askofu ilibebwa ikazikwa Mumias, halafu ikaja kuzikwa Namirembe siku ya mwisho ya mwaka 1892. Ya wapagazi nani aliibeba?

#7 Kalungi_Natete
Mzee shikamoo. Hilo la wapagazi ndilo nilikuwa nalizunguka bila kulitaja. Watu 50 jamani.

#8 Kijana wa Mengo
Mimi nimesoma shule ya Kanisa la Uganda miaka yote, Hannington tulimwimbia, wapagazi hawakutajwa hata siku moja.

#9 Binti Jinja
Mimi upande wa baba natoka Mayuge karibu na Kyando. Watu wanahiji pale mwezi wa kumi. Bibi alikuwa anasema wazee wa kwetu waliogopa sana baada ya yale mauaji, ugonjwa wa malale ulipoingia Busoga miaka ya mwanzo ya 1900 na kumaliza vijiji wapo waliosema ni damu ile inadai. Sisemi mimi naamini, nasema ndivyo watu walivyounganisha. Na walipokuwa wanaomba msamaha hawakumtaja askofu peke yake, bibi alisema "na wale wageni wake". Kwa hiyo @Mzee wa Bombo jina halikuandikwa ila hawakusahaulika kabisa kwetu.

#10 Mwalimu Ssali
@Binti Jinja asante kwa hilo, nyabo. Malale naiweka kama sababu nyingine ya swali la Kalungi. Ulikufa umati mkubwa Busoga na kando ya ziwa, halafu serikali ikahamisha watu kwa nguvu kwenye fukwe na visiwa, Ssese ikabaki karibu tupu. Ukihamishwa unaacha kanisa na kiggya vyote viwili. Waliorudi baadaye wengi hawakuwa watoto wa walioondoka. Kwa maeneo yale hata hoja ya Nakato kwamba "wako nyumbani" inakosa mwenye nyumba.

#11 Kyaligonza FP
Wakubwa naleta ya Toro. Mtu anayenifanya nijali makaburi ni Kanoni Apolo Kivebulaya. Muganda aliyekuja kwetu akaendelea hadi Mboga, upande wa Kongo, akahubiri msituni hadi kwa Wambuti, akafia huko 1933. Angeweza kurudishwa Buganda kwa ukoo wake kama anavyosema dada Nakato. Akakataa, akaagiza azikwe kule kule na kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu wa Kongo, wakati desturi ya kwao ilikuwa mtu aelekezwe nyumbani. Maana yake kazi iendelee mbele. Kwa hiyo kuna watu wetu waliochagua kaburi la kanisa kwa makusudi, na kwa kuchagua wakabadilisha wao ni wa wapi. Msiseme ni wazungu na mapadri tu.

Makanisa nayo yasiaminiwe sana kama mawe. Kanisa kuu la Virika hapa Fort Portal liliharibiwa na tetemeko la Machi 1966 ikabidi wajenge upya.

#12 Nakato wa Masaka
Kivebulaya alikuwa mchungaji, kwa hiyo bado yuko kwenye kundi langu la "kanisa ndilo kwake" 😀 lakini kale (haya), nakupa nusu.

#13 Kyaligonza FP
Nusu naipokea, nyingine nitaifuata Masaka.

#14 Otim_Kitgum
Naomba niingie na ya kaskazini maana mnaongea kama Uganda inaishia Luwero.

Pale Namirembe pembeni ya kaburi la Hannington lilichimbwa kaburi la Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa enzi za Amin, Februari 1977. Watu wakajiandaa, mwili haukuletwa. Wanajeshi wa Amin walikuwa wameupeleka Mucwini kijijini kwao wakaamuru uzikwe. Tarehe 20 watu wakajaa Namirembe wakasali mbele ya shimo tupu. Baba yangu alikuwa kijana Kampala, alikuwepo, na mpaka anazeeka hakuwa anaweza kulizungumza kwa kirefu. Sasa mniambie, kaburi lisilo na mtu linaunganisha au haliunganishi? Kwa baba yangu lilimfunga na siku ile kuliko kaburi lolote la ukoo wetu.

Mucwini nimefika mara nyingi, ni kwetu pale karibu. Kila 16 Februari, ambayo sasa ni sikukuu ya taifa, kunajaa magari hadi huoni njia. Siku nyingine ni kimya, mbuzi na watoto wa shule, na mimi napapenda zaidi siku hizo nyingine maana unaona kaburi la mtu wa kijiji.

Halafu kuna hospitali ya Lacor, Gulu. Dr. Lucille Teasdale amezikwa ndani ya ua wa hospitali, Dr. Matthew Lukwiya aliyefariki kwa Ebola Desemba 2000 pembeni yake, baadaye Dr. Piero Corti. Lukwiya alikuwa Mprotestanti na ile ni hospitali ya Wakatoliki. Wagonjwa na wauguzi wanapita hapo kila siku. Hakuna aliyekosa nafasi kwa dhehebu.

#15 Mama Rozi Entebbe
Otim mwanangu nimesoma hiyo ya baba yako nikasimama kidogo. Tulikuwepo miaka ile.

Mimi nina ya Wagoa. Hapa Entebbe na Kampala walikuwa wengi, makarani, mafundi cherehani, walimu wa muziki kanisani, Wakatoliki kabisa tunakaa nao benchi moja. Agosti 1972 Amin akatangaza siku 90, wakaondoka. Makaburi hayaondoki. Kwa miaka mingi niliona yale yenye majina ya Kireno yakimezwa na nyasi hakuna wa kufyeka. Sasa juzi juzi alikuja mama mmoja kutoka Kanada, mtu mzima, anatafuta babu yake. Alikuwa na picha ya jiwe tu, nyeusi na nyeupe. Tulizunguka naye jua kali hatulioni, mpaka mzee mmoja anayefagia pale akatuambia angalieni chini ya mti ule mizizi imeinua. Likawa lile. Yule mama hakulia, alikaa chini akaanza kulisafisha kwa kitambaa cha kichwani, akawa analisimulia kaburi habari za watoto wake kwa Kiingereza na maneno mengine ya kwao. Kalungi mwanangu, unauliza yanatuunganisha na nani, kwa yule mama lile jiwe ndilo kitu pekee alichobaki nacho Uganda. Nyumba walichukua watu.

#16 Nyanjura Masindi
Kama tunataja waliopita njia, njooni Nyabyeya, kando ya msitu wa Budongo. Wapolandi waliotolewa kwao kwa nguvu na Wasovieti wakapitia Uajemi wakaletwa Masindi kuanzia 1942. Walijenga kanisa kwa mikono yao, Bikira Maria Malkia wa Poland, na bado tunasali humo, mimi nimepata kipaimara pale. Makaburi yako karibu, wengi wa waliolala humo walikufa kwa malaria na uchovu wa safari, wamo watoto. Vita vikaisha, waliobaki wakaondoka wakaenda Uingereza, Australia na kwingine, kanisa wakatuachia.

Tulipokuwa wadogo tuliogopa kupita pale jioni. Lakini mama zetu wakienda kufagia siku ya Marehemu Wote tarehe 2 Novemba walifagia na yale. Hawakuambiwa na mtu. Walisema huyu mama wa huyu mtoto hawezi kuja.

#17 Kijana wa Mengo
@Nyanjura hii ya mama zenu nimeihifadhi.

#18 Nakato wa Masaka
Nirudi kwa Kalungi maana swali lake lina dawa na hamumpi. Ssebo achana na mawe, tafuta vitabu vya ubatizo. Mimi nilikuwa najua bibi mzaa babu kwa jina la ubatizo tu. Nikaenda parokia yetu, karani akanitolea daftari kubwa la zamani, Kilatini, mwandiko wa wino uliopauka, na mle nikamkuta: tarehe, jina lake la Kiganda ambalo hakuna aliyekuwa hai analijua, baba yake, mama yake, kijiji, na mdhamini wake. Yule mdhamini nikamfuatilia nikakuta ni bibi wa jirani zetu ambao tumekuwa tukigombana nao mpaka wa shamba tangu nizaliwe. Nilipowapelekea hiyo habari walikaa kimya halafu wakatuletea ndizi.

Kumbe kanisa lilimwandika. Halikumzika, lilimwandika.

#19 Mwalimu Ssali
Ni kweli na vitabu vinakufa haraka kuliko mawe. Mimi nilifika parokia moja, siitaji, paa la ofisi linavuja na madaftari yameshikana kurasa, mchwa wameingia upande mmoja. Wamisionari wenyewe walijua adui ni nani, Biblia ya Kiganda aliyoifanyia kazi Pilkington na wenzake, iliyokamilika 1896, ilichapwa fupi na nene ili iingie kwenye kopo la biskuti mchwa wasiifikie. Sasa madaftari yenye majina ya bibi zetu tumeyaweka juu ya rafu ya mbao. Mwenye simu yenye kamera nzuri na ruhusa ya paroko akapige picha ukurasa kwa ukurasa, mwaka huu, asisubiri mradi.

Na misalaba ya mti hivyo hivyo. Kalungi usidhani kwamba palipo wazi hapakuzikwa mtu. Kwa mchwa wa Buganda msalaba wa mti haumalizi msimu wa tatu. Waliokuwa na pesa ya saruji ndio tunaowasoma leo.

#20 Nakato wa Masaka
Mwalimu hapo siafiki. Wa kwetu hawakuwa wanakosa saruji tu, hawakutaka. Shina la mtuba, mti wa lubugo, lilitosha kuonyesha mahali. Kuandika jina juu ya udongo kumekuja na misheni, na sasa mtu akifa tunabandika vigae na picha yake anacheka.

#21 Mwalimu Ssali
Mtuba unakatwa na mnunuzi siku ya kwanza, nyabo.

#22 Kijana wa Mengo
Swali la pembeni. Mwanga aliyeamuru Hannington na mashahidi wauawe mwenyewe kazikwa wapi? Maana kama ni kuungana na historia naye ni historia.

#23 Mwalimu Ssali
Kasubi. Alikufa uhamishoni Seychelles 1903, akarudishwa 1910. Huko uhamishoni alibatizwa, Danieri. Kabalega wa Bunyoro aliyekuwa naye huko naye alibatizwa, Yohana, akafia Jinja 1923 akiwa njiani kurudi, yuko Mparo Hoima. Wafalme wawili Wakristo na hakuna aliyezikwa kanisani. Mnaona swali la Kalungi lilivyo gumu.

#24 Kyaligonza FP
Kwa hiyo aliyeuawa kazikwa na kanisa, aliyeua kazikwa na mababu, na wote wawili wamekufa na jina la ubatizo. Hii nchi.

#25 Kalungi_Natete
Nimesoma yote. Nakato naenda kutafuta daftari, ingawa sisi ni Waprotestanti na sijui yetu ya miaka ile yamehifadhiwa hivyo, mwenye uzoefu na vitabu vya Kanisa la Uganda vya Natete au Namirembe anitupie neno. Lakini bado siridhiki na "wako nyumbani". Kiggya chetu kikubwa kipo na wazee wa 1920 kuja huku wamo. Hao wa miaka ya 1880, waliokuwa wanajificha kusoma, wale vijana watatu waliochomwa Busega 31 Januari 1885 na wenzao waliokimbia, hawapo kanisani, hawapo kiggyani. Mtu aliyekimbia mateso anazikwa alipoangukia.

#26 Binti Jinja
Na hiyo ni sababu nyingine ambayo hamkuitaja hapo juu.

#27 Mzee wa Bombo
Wanangu mmezungumza vizuri. Mimi nataka kitu kimoja tu kabla sijafa, pale Namirembe karibu na Hannington liwekwe jiwe la wapagazi. Bila majina kama hayapatikani. Hawa walikuwa na mama zao Zanzibar, Bagamoyo, Mombasa.

#28 Otim_Kitgum
Mzee nakuunga mkono, ila liwekwe Kyando walipoangukia. Namirembe ni kwa askofu, wao hawakufika.

#29 Mzee wa Bombo
Hawakufika kwa sababu hakuna aliyewabeba. Ndiyo maana nataka Namirembe.

#30 Binti Jinja
Sisi wa Mayuge tunataka Kyando, na pia wengi wao huenda walikuwa Waislamu, kwa hiyo mzee msalaba usiwekwe juu yao bila kuuliza.

#31 Mzee wa Bombo
Umesema neno kubwa binti. Hilo lizungumzwe na mashehe na maaskofu pamoja.

#32 Nyanjura Masindi
Wakati wakubwa wanaamua, kuna mtu wa Mukono humu? Makaburi mengine ya Wapolandi yako Koja, Mpunge, ufukweni mwa ziwa. Tunataka kwenda na kikundi cha wanawake wa parokia tufyeke, tunaomba mwenyeji atuambie barabara ikoje msimu huu wa mvua na kama taksi inafika au tushuke tupande boda.

#33 Kijana wa Mengo
Mama yangu anatoka upande huo. Taksi inakuacha njiani, mbele ni boda. Nitakuja na panga langu.